Jua Lisipokuchwa, Nani Atawaambia Mlale?

Wanangu wa Dar, na ninyi wapwa zangu wa Muscat na Toronto, nimeipokea ratiba yenu na nimeisoma kalamu mkononi. Mwataka kukodi magari mawili Copenhagen katikati ya Juni, mvuke hadi Uswidi, mkute sikukuu ya Midsommar kule Dalarna, kisha mpande kaskazini mpaka Nordkapp, ncha ya Norwei, na kurudi kwa njia ya visiwa vya Lofoten. Ni safari njema na nawaunga mkono. Usukani ndio ulionilisha maisha yangu yote: ujanani kwenye malori ya Tanga na Arusha, utu uzima wote kwenye mabasi ya Göteborg. Haya ninayowaandikia sikuyasikia kwa watu.

Katika ratiba nimepigia mstari sentensi moja. Mmeandika kwamba siku ya tano mtakwenda kilomita 900, na kwamba haina shida kwa sababu giza haliingii. Hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niwaandikie.

Giza kutoingia ndiyo shida yenyewe. Kwetu, karibu na ikweta, usiku haumwombi mtu ruhusa. Ikipiga saa moja jioni jua limeshazama, Januari au Julai, na dereva, mchuuzi, kuku na mtoto wote wanajua kwamba kazi ya siku imekwisha. Hata saa yetu tunaihesabu kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kule mnakokwenda hesabu hiyo haipo. Stockholm, mwishoni mwa Juni, jua huzama baada ya saa nne usiku na saa tisa na nusu limekwisha kurudi, na kati ya hapo ni utusiutusi tu. Mkivuka Mzingo wa Aktiki, nyuzi 66 na nusu kaskazini, hata huo utusiutusi hamtauona. Tromsø jua halizami tangu Mei 20 hivi hadi Julai 22. Nordkapp jua huwaka mfululizo tangu katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai. Saa sita ya usiku mtasimama mna vivuli vyenu ardhini.

Mwanga ule ni mtamu, na ndio unaodanganya. Mwili hutoa kichocheo cha usingizi kwa kufuata giza. Pasipo na giza, mtu hujiona mzima saa saba ya usiku, anacheka, anataka kuendelea kilomita mia nyingine. Lakini saa iliyo ndani ya mwili haijasimama. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili hushuka, jua liwepo lisiwepo. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa linakula mita 25 kila sekunde. Macho yakifumba sekunde tatu, mmekwenda mita 75 bila dereva. Na barabara ya E4 ya Uswidi ikishapita Sundsvall ni misonobari kushoto, misonobari kulia, nyororo, haina shimo la kumshtua mtu. Barabara zetu mbovu zilituweka macho. Zile zinabembeleza.

Wenyeji wanalijua hilo. Norwei wametoboa mlima kati ya Lærdal na Aurland wakapitisha njia ya chini kwa chini yenye urefu wa kilomita 24.5, iliyofunguliwa mwaka 2000, na hakuna ndefu kuishinda katika njia za magari duniani. Waliona hatari ya dereva kusinzia humo kwa ule mfululizo wa ukuta na taa. Basi wakachimba kumbi tatu kubwa ndani ya mwamba, wakazitia taa za buluu juu na za manjano chini, mfano wa macheo, ili kila baada ya kilomita sita hivi macho yapate kitu kipya na akili izinduke. Njia hiyo imo kwenye barabara ya Oslo na Bergen, hamtaipita safari hii, lakini nawataka mfikirie: watu wenye kiangazi cha mwanga usiokwisha waliona ni wajibu wao kumtengenezea dereva alfajiri ndani ya jabali. Ninyi nanyi jitengenezeeni magharibi.

Magharibi hiyo iwe saa, isiwe hali ya hewa. Mimi naipendekeza saa mbili usiku, na ikifika saa mbili magari yawe yamezimwa, mahali mlipopapanga tangu asubuhi. Msiseme "tufike tu hapo mbele". Mle mezani au chini ya mti, mkoge, kisha mfunge mapazia. Nyumba na hoteli za kule nyingi zina mapazia mazito ya kukunja ya kuzuia mwanga. Yashusheni yote hata kama nje panapendeza. Mkilala kwenye hema, hema halizuii kitu, kwa hiyo kila mmoja awe na kitambaa cha kufunga macho. Ninyi mnaoswali, msingoje mfike Tromsø ndipo mwanze kujadiliana magharibi ni saa ngapi. Wanazuoni wameshalizungumza: wako wanaofuata nyakati za mji wa karibu ambako jua bado linazama, na wako wanaofuata nyakati za Makka, na msafiri ana ruhusa zake za kuchanganya na kupunguza. Mwulizeni shekhe wenu kabla ya kupanda ndege, mshike kauli moja, basi. Na hiyo isha mtakayoikubali itawafaa nyote kundini, hata wasioswali, maana itakuwa ndiyo kengele ya kulala.

Sasa juu ya kundi. Mko saba, na watu saba wana uchovu wa namna saba. Dini yetu imetufundisha kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja awe amiri wao, na sioni namna bora zaidi. Mteueni, na asiwe lazima mkubwa wenu wala mwenye pesa nyingi. Awe yule asiyeona haya kusema hapana. Kazi yake ya kwanza ni kuilinda ile saa mbili. Kazi yake ya pili ni kuhakikisha kwamba anayesema "nimechoka" habishiwi. Hapa nawasihi kwa moyo wote. Nimeona katika kazi yangu madereva waliotaabika kimya kwa sababu abiria walikuwa na furaha. Kijana akiwa na wenzake huona aibu zaidi. Kwa hiyo wekeni sharti tangu siku ya kwanza: dereva akilitamka neno hilo, gari linatoka barabarani mahali salama pa kwanza, anabadilishwa, na hakuna utani juu yake siku hiyo wala kesho yake.

Na anayekaa mbele karibu na dereva asilale. Kwenye malori yetu mtu huyo aliitwa utingo na alikuwa na kazi: kutazama, kuzungumza, kumpa dereva maji, kusoma njia. Mpeni kazi hiyohiyo. Anayetaka kulala ahamie nyuma, na huko nyuma afunge mkanda. Mkanda huo wa pointi tatu mnaouvuta begani aliubuni mhandisi wa Kiswidi, Nils Bohlin, akiwa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure. Kwa nchi ile kukaa nyuma bila mkanda ni kosa la kutozwa faini. Kwangu mimi ni zaidi ya faini, kwa sababu mtu asiyefungwa nyuma huweza kumwua aliye mbele yake.

Wa Dar mnisikilize kwa makini. Wenzenu wa Muscat na Toronto wamezoea kuendesha kulia. Ninyi mmezoea kushoto. Waswidi wenyewe waliendesha kushoto mpaka Septemba 3, 1967, walipohama nchi nzima kwa pamoja, saa kumi na moja alfajiri. Mwaka 1955 waliulizwa kwa kura, na zaidi ya asilimia 80 wakakataa. Bunge lilipoamua hata hivyo, walijiandaa kwa miaka minne: mabango, mafunzo, mwendo ukapunguzwa kila mahali. Taifa zima liliona jambo hilo lahitaji miaka, kwa hiyo msidhani mikono yenu italijua ndani ya maegesho ya uwanja wa ndege. Siku mbili za kwanza waachieni wenzenu usukani, mkae mbele, mtazame. Mjini mtajimudu kwa sababu kuna magari ya kufuata. Hatari iko asubuhi, mkitoka sheli ndogo ya kijijini, barabara tupu, hakuna wa kumfuata: mkono huenda kushoto wenyewe. Utingo aseme kwa sauti kila mnapotoka: "kulia, kulia." Kwenye kipilefti mtazunguka kinyume na mlivyozoea, na mwenye haki ni aliye ndani tayari, anayetokea kushoto kwenu. Penye njia panda isiyo na alama, mpisheni anayetoka kulia, hata kama yake ni barabara ndogo na yenu pana. Mtu akikanyaga mistari ya pundamilia, simameni kabisa. Taa za mbele ziwake mchana kutwa, jua likiwaka vilevile.

Kuhusu Midsommar. Kwa Uswidi mkesha wake huwa Ijumaa inayoangukia kati ya Juni 19 na 25, na ni siku kubwa kuliko karibu zote. Alhamisi jioni na Ijumaa mchana miji huhamia mashambani, na njia za kutoka Stockholm hujaa. Maduka hufunga mapema. Fanyeni manunuzi yote Jumatano, mjaze mafuta, na Ijumaa hiyo msiwe barabarani kabisa. Muwe mmekwisha fika Leksand au Rättvik, huko Dalarna, tangu Alhamisi. Mtaona mlingoti mrefu uliovikwa majani na maua ukiinuliwa kwa mikono ya wanaume na wanawake wengi, na vinanda vya fidla, na vikongwe na watoto wakiruka pamoja kama vyura kuuzunguka. Ingieni kwenye duara. Hakuna atakayewaalika kwa maneno, wala hakuna atakayewaona mmevamia. Mkialikwa nyumbani kwa mtu, fikeni kwa saa mliyoambiwa, vueni viatu mlangoni, na mpeleke stroberi. Watawapa samaki wa heringi aliyekaa kwenye siki na viazi vipya vya kuchemsha na majani ya bizari. Kuleni.

Na msiongee ovyo kwa Kiswahili mkidhani hamsikilizwi. Nchi hizi zina historia na sisi. Shule ya Kibaha ambayo baba zenu wawili walisoma ilijengwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa nchi za Nordiki, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza 1975 vilichukua mfano wake Uswidi. Wamepita kwetu walimu, wauguzi, wamisionari na mafundi wengi wa huko. Msishangae mzee mwenye mvi akigeuka kambini na kuwauliza habari za Singida. Mpeni shikamoo yake.

Sikukuu hiyo ina pombe nyingi, na sitajifanya sijui kwamba baadhi yenu mnakunywa. Uswidi na Norwei kiwango cha mwisho kwa dereva ni 0.2 kwa elfu ya damu. Denmark na Ufini ni 0.5. Kwa vitendo, 0.2 maana yake ni kutokunywa kabisa. Wanaopimwa na kukutwa wamezidi mara nyingi ni wa kesho yake asubuhi, mtu aliyelala, akaoga, akajiona safi. Polisi wa wikiendi ile wanalijua na wanawangoja. Atakayeendesha Jumamosi asiguse chupa Ijumaa. Na aliyekunywa asiingie ziwani: maji yale ni baridi hata Juni, na huko Ufini Juhannus, sikukuu yao ya wakati huohuo, aghalabu hufuatwa na habari za waliozama.

Mkishaiacha Dalarna, mtaingia nchi ya wanyama. Kuna mmoja wa jamii ya kulungu, mkubwa kuliko farasi, miguu mirefu, Waswidi humwita älg. Dume huweza kupita kilo 500. Gari likimgonga hukata miguu, na kiwiliwili chote huja kwenye kioo, usawa wa uso wa dereva. Mwezi wa Mei na Juni majike wanaokaribia kuzaa huwafukuza watoto wa mwaka uliopita, na hao vijana wageni wa dunia ndio wanaotangatanga barabarani, hasa macheo na machweo. Fikirini sasa: katika kiangazi cha kaskazini macheo na machweo yameungana yakawa saa nyingi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzima magari saa mbili. Mkimwona mmoja akivuka, punguzeni mwendo mkijua wa pili yuko nyuma yake. Mkigonga, sheria ya Uswidi yataka mpige 112 na mpawekee alama pale palipotokea, ili mwindaji aliyepewa kazi hiyo amfuate mnyama aliyejeruhiwa.

Zaidi kaskazini mtakuta barabarani makundi ya ren, kulungu wengine wa kaskazini, wamekimbia mbu porini. Msiwadhanie wanyama wa mwitu. Kila mmoja ana mwenyewe, alama yake imekatwa sikioni, na mwenyewe aghalabu ni Msami, mfugaji ambaye ukoo wake umekaa nchi hizo kabla ya mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi kuchorwa. Huyo ren mchukulieni jinsi ambavyo mngemchukulia ng'ombe wa Mmasai pale Longido: simameni, ngojeni, msipige honi. Mkipita Karasjok, lipo Bunge la Wasami wa Norwei lililofunguliwa 1989. Ingieni ndani mkiruhusiwa. Ningependa mrudi mnajua jambo juu ya watu wale kuliko kurudi na picha za mavazi yao. Mbu mliosikia habari zao ni kweli wapo, mawingu kwa mawingu. Malaria hawana, ila wataharibu jioni zenu msipokuwa na dawa ya kujipaka na vyandarua vya uso.

Norwei hesabuni mwendo upya. Nje ya miji kikomo cha kawaida ni kilomita 80, na kwa kona, milima na vivuko wastani wenu utakuwa kama 60. Kamera zipo, na kwenye baadhi ya njia za chini kwa chini hupima wastani wenu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii. Faini zao ni nzito. Ufini faini kubwa za mwendo hukatwa kwa kipato cha mtu. Denmark, tangu 2021, kwa uendeshaji wa kichaa gari lenyewe huchukuliwa na serikali, hata likiwa la kukodi. Ushuru wa barabara Norwei hakuna anayewasimamisha muulipe. Kamera husoma namba, na ankara huja kwa mwenye gari, naye huitoza kadi yenu wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana nasema mfuko wa pamoja usigawanywe siku ya kuagana. Amiri abaki nao miezi miwili.

Magari mawili yasifukuzane. Kubalianeni mahali pa kukutana, kila baada ya saa mbili hivi, kila gari liende kwa pumzi yake. Msafara unaokwenda pua kwa mkia unamziba kila aliye nyuma, na mwenyeji wa pale anakwenda kazini au hospitali. Mkiona wamejipanga nyuma yenu, ingieni pembeni muwapishe. Njia nyembamba za Norwei zina sehemu zenye kibao cha herufi M. Hizo ni za kupishana, si za kuegesha mpige picha.

Juu ya kulala porini mmeandika kwamba Skandinavia nzima ni ruhusa. Denmark si ruhusa. Kuna sehemu maalumu tu. Norwei ina sheria yake ya 1957: hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, na mahali pamoja kwa kawaida lisizidi siku mbili. Uswidi haki ya kila mtu kuingia porini imo ndani ya katiba tangu 1994. Lakini ni haki ya miguu na hema. Kuliingiza gari kwenye majani ni kosa. Na moto ni jambo la kuogopwa. Norwei hairuhusiwi kuwasha moto msituni au karibu nao kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15. Mwaka 2018 misitu ya Uswidi iliungua majira yote ya joto, hata ndege za kuzima moto zikaletwa kutoka Italia na Ufaransa. Pikeni kwa jiko la gesi penye kambi rasmi.

Nordkapp kwenyewe mtafika kwa njia ya chini ya bahari, inashuka mita 212, kisha mtapanda hadi jabali la mita 307 linaloikabili Aktiki. Huenda mkakuta ukungu msione kitu, na upepo wenye baridi ya nyuzi tano au sita. Chukueni makoti ya baridi hata kama Copenhagen mliacha watu wamevaa kaptula. Mkikuta ukungu, laleni mjini Honningsvåg, mrudi siku ya pili. Msingoje juu pale hadi saa tisa ya usiku kisha mkashika barabara.

Kutoka Copenhagen mpaka pale ni karibu kilomita 2,500, karibu mara tatu ya Dar hadi Mbeya, na kurudi kwa Lofoten ni zaidi ya hapo. Ratiba yenu imewapa siku kumi na mbili kwa yote. Hazitoshi, na zitakazobanwa ni za kurudi, mnapokuwa mmechoka na pesa zimepungua. Kivuko cha Lofoten, kutoka Moskenes kwenda Bodø, hujaa Juni. Wekeni nafasi mapema, na zile saa tatu au nne za baharini madereva wote walale. Kuliacha gari Tromsø na kupanda ndege kunawezekana, ila kurudisha gari la kukodi katika nchi nyingine hugharimu pesa nyingi, ulizeni kabla ya kutia saini.

Kwa hiyo ongezeni siku sita. Kama likizo haziongezeki, fupisheni njia: acheni Nordkapp, muende Lofoten peke yake kwa utulivu, jua la usiku mtaliona vilevile. Na tiketi za ndege za kurudi, ninyi wa Muscat hasa mnaounganisha safari, zisiwe za siku ile mnayotarajia kurudisha magari Copenhagen. Ziwe za kesho kutwa yake.